Kahawa Kabla ya Lori la Mwimbi

Jumatatu, 1 Julai 1974

Baridi. Mafua. Polikarp ana wiki kumi na moja na bado hajaambiwa kwamba binadamu hulala. Naandika naye akinyonya, kwa hiyo mwandiko huu umeegemea upande mmoja kama mimi.

Dereva wa lori la Mwimbi ameleta barua. Mama mkwe anakuja keshokutwa, ataondoka na lori la Jumanne ya wiki ijayo. Anakuja kumwona mjukuu mpya. Chini kabisa, pale mtu anapoandika salamu za kuku na majirani, ameandika: "Nitamtazama na Agnesi kama amefikia kusafiri."

Najua maana yake. Mdogo akizaliwa, mkubwa aliyekwisha kuachishwa ziwa huenda kwa bibi, mama apumue. Ndivyo desturi ilivyo. Agnesi ana miaka miwili na nusu. Hulala amenishika sikio. Nani atampa sikio huko Mwimbi?

Nimemwuliza Wilibrodi, mume wangu. Akasema yeye mwenyewe alilelewa na bibi, na nimwone alivyo. Nimemwona.

Sitabishana na mkwe. Mkwe habishaniwi. Nitatumia akili. Mama mkwe, Bibi Bertilla, aliwapikia mapadre miaka ishirini, na huko misheni alijifunza kunywa kahawa kama wengine wanavyojifunza rozari. Kwake nyumba isiyo na kahawa nzuri imemshinda mwenye nyumba. Basi akikuta kahawa nzuri ataona sijashindwa, na Agnesi atabaki. Mpango umekamilika kabla Polikarp hajacheua.

Tatizo dogo: sijui kupika kahawa. Sisi ni watu wa chai. Mfuko wa buni alionipa siku ya harusi unaning'inia juu ya jiko mwaka wa nne sasa, mweusi kwa moshi. Nimekuwa nikimwandikia kwamba tunaifurahia.

Jumatano, 3 Julai

Amefika. Mnyoofu, kitambaa cheupe kichwani, mfuko wa maharage begani. Nikapiga magoti, shikamoo mama. Akaitikia marahaba huku macho yake yamekwisha kupita jikoni yakarudi.

Wilibrodi alishikilia mama anywe kahawa ya Hoteli ya Ushirika. Yeye ni katibu wa kamati yake. Ipo moja hapa Katandala, moja sokoni, na moja Namanyere, zote rangi ya bluu, zote na birika moja kubwa lenye bomba. Wilibrodi husema uzuri wake ndio huo: mtu akitoka Namanyere akashuka hapa, anakuta kahawa ileile. Kweli. Na uvuguvugu uleule, na kuungua kulekule.

Nikaona si vibaya. Kama itampendeza, nitakuwa natuma jagi kila asubuhi na kusema nimepika.

Mama mkwe akanywa funda moja. Akamwuliza Wilibrodi, taratibu, kama kikombe hiki kilioshwa kwanza ndipo maji hayo ya kuoshea yakatiwa humo. Wilibrodi akaeleza habari za kujitegemea. Mama akasema yeye anaunga mkono kujitegemea, ndiyo maana angependa kahawa ijitegemee pia, isisaidiwe sana na maji.

Kisha akamwita Agnesi, akamsimamisha ukutani, akampima kwa kiganja. Viganja vitano. Akasema, huyu ameshakuwa msafiri.

Nilikwenda uani nikaanua nepi ambazo hazijakauka.

Alhamisi, 4 Julai

Mpango wa pili. Mwanaheri, mke wa Halfani mwenye lori, anauza kahawa barazani kwake nyuma ya msikiti. Hapo ndipo mji unapojua habari zake. Wilibrodi amenikataza nisikanyage. Yule ni mtu binafsi, anasema, na katibu wa Hoteli ya Ushirika hawezi kuwa na mke anayenunua kwa mtu binafsi.

Nikamfunga Polikarp mgongoni, nikamshika Agnesi mkono, nikapita njia ya nyuma. Mwanaheri akaniazima chupa yake ya chai yenye picha ya jogoo, imejaa kahawa. Akaniasa nisiichemshe tena, maana kahawa ikichemka mara ya pili inakufa. Nikaapa.

Mama mkwe akanywa vikombe vitatu. Akafumba macho. Akauliza nani amenifundisha kutia tangawizi. Nikasema nimejaribujaribu tu. Akaniita mwanangu. Tangu harusi hajaniita mwanangu. Agnesi alikuwa ameketi mguuni pake, na kwa mara ya kwanza sikuogopa kumwona pale.

Ilidumu kama nusu saa.

Hodi. Mwanaheri, na sahani ya vitumbua, amekuja kumsalimu mgeni kama watu wema wafanyavyo. Akamsalimu mama vizuri sana. Akaketi. Halafu akamwona jogoo.

"Alaa, mama Agnesi, chupa yangu umeshaimaliza? Usione haya, mwanangu atakuja kuichukua. Wala usijisumbue, mumeo mwenyewe kila asubuhi hunywa viwili pale pale, mlango wa uani."

Wilibrodi alikuwa anaingia. Alitoka tena bila kugeuka, kinyumenyume.

Mama mkwe alimsindikiza Mwanaheri mpaka mlangoni. Kisha akasema kahawa ni nzuri na anampongeza aliyeipika. Jumapili baada ya misa angependa kunywa ya mbegu zake, zile za harusi, zilizopikwa humu ndani. Amemwalika na katekista, mzee Urbano. Kama mikono yangu imejaa, akasema, si aibu, mzigo mmoja utapungua Jumanne.

Mzigo. Agnesi alikuwa anamlisha kitumbua jogoo wa kwenye chupa.

Ijumaa, 5 Julai

Mama mkwe amekwenda kushinda kwa ndugu zake ng'ambo ya mji. Siku nzima ni yangu. Nimeangua mfuko.

Nimekaanga. Polikarp akalia, nikamnyonyesha, kahawa ikawa makaa. Nikakaanga tena. Agnesi akaangukia ndoo. Makaa tena. Mara ya tatu nilisimama imara na zikatoka nzuri, lakini chache, hazijai hata kiganja. Nikaacha konzi moja tu mbichi mfukoni, kwa woga.

Hapo nikawaza. Nina kimea cha ulezi debe zima. Ulezi ulioota ukikaangwa unakuwa mweusi, na ukisagwa nani atajua? Nikakaanga kimea, nikatwanga pamoja. Rangi yake ilikuwa ya kahawa kuliko kahawa.

Chombo cha kupikia sasa. Wilibrodi amewapa Hoteli ya Ushirika sufuria zangu zote mbili kubwa, za karamu ya Saba Saba, na birika pia. Ameniachia ya uji wa mtoto. Nikapika kidogo kidogo humo, nikatia sukari ya kutosha, na ilipopoa nikaihifadhi kwenye chungu nilichoazima kwa jirani, Cornelia. Nimekifunika vizuri, nyuma ya mafiga, penye joto. Jumapili nitaipasha tu. Sitaichemsha. Niliapa.

Cornelia ni mpika pombe mashuhuri. Nilipomwambia nitakiosha kwanza, alinishika mkono. Chungu cha pombe hakioshwi ndani, alisema, kinapoteza nguvu, nisije nikamharibia. Basi nikakiheshimu. Chungu cha watu.

Nimechoka mpaka kucha. Lakini safari hii nimepika mwenyewe. Karibu yote.

Jumapili, 7 Julai

Naandika kabla Wilibrodi hajarudi.

Misa. Ngoma za Saba Saba mjini. Wilibrodi huko, na utepe kifuani na sufuria zangu. Nyumbani tulikuwa mama mkwe, mzee Urbano, watoto na mimi.

Nikapasha kidogo. Ilikuwa na povu. Nikafurahi, maana ya Mwanaheri pia huwa na povu. Kunusa siwezi, pua zimeziba tangu Mei.

Mama akanywa. Akasimamisha kikombe hewani. Akasema ina ukali fulani. Akanywa tena. Akasema mbegu za zamani huwa na tabia zake. Kikombe cha tatu akasema padre mmoja wa zamani alikuwa na kahawa ya namna hii, aliificha kabatini. Kikombe cha nne akaanza wimbo wa Pasaka, na ni Julai.

Mzee Urbano alisimama kushukuru chakula. Alishukuru chakula. Akashukuru mvua, wakulima, mitume mmoja mmoja, kisha akarudi kwenye chakula kana kwamba wamekutana leo. Agnesi akapiga makofi. Mama mkwe akacheka mpaka kitambaa kikamwangukia begani, akanivuta, akasema, "Mwanangu, nyumba hii ina furaha. Mtoto atabaki kwenye furaha yake."

Alisema hivyo. Nilisikia kwa masikio yote mawili.

Cornelia akachungulia mlangoni. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayeita mbuzi, kama chungu chake cha pombe kimekwisha kutoka kazini, maana ana ulezi wa watu. Kisha akanusa. Yeye pua anazo. Akasema, "Ee, mama Agnesi. Imeamka vizuri. Umeitia nini?"

Mama mkwe akaweka kikombe chini. Akakisukumia mbali.

Sikuwa nimekumbuka, au nilikumbuka na sikufikiri. Baba mkwe alikufa kwa pombe, akirudi nyumbani wakati wa masika. Siku ya maziko mama aliapa. Miaka tisa hajaonja, hata kwenye harusi yetu.

Hakunipigia kelele. Ningependa anipigie. Alikwenda kulala mchana, akafunga mlango, na mzee Urbano akaondoka akishukuru ukuta.

Jumatatu, 8 Julai

Mama mkwe amesema maneno kumi na moja tangu asubuhi. Nimeyahesabu. Nane ni haya: "Nguo za mtoto uziweke tayari. Lori saa moja."

Wilibrodi amesema nimwombe mama radhi. Nimemwomba. Akasema amenisamehe, na kusamehe ni jambo moja na kumwacha mtoto mahali asipojua anapewa nini ni jambo lingine. Hana kosa. Hilo ndilo linaloniuma.

Nimekunja nguo. Magauni mawili. Sweta jekundu nililolifuma mwenyewe, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Agnesi akazikunjua zote, akadhani ni mchezo. Nikakunja tena. Akakunjua. Tulicheza hivyo mpaka nikashindwa kuona vizuri.

Nimeficha kiatu kimoja cha Agnesi ndani ya debe la unga. Mtoto hawezi kusafiri na kiatu kimoja.

Mama mkwe amesema huko Mwimbi watoto wanatembea pekupeku. Hayo ndiyo maneno yaliyobaki, na yamezidi kumi na moja. Sijui kuhesabu leo.

Jumanne, 9 Julai

Sikuwa na mpango. Naandika hilo kwa sababu halijapata kutokea.

Kabla ya jua kupanda niliteremsha mfuko wa harusi, na ile konzi moja. Sukari hakuna. Tangawizi hakuna. Nikaketi jikoni na kikaango, Polikarp mgongoni, Agnesi pajani amenishika sikio. Nilitaka tu mama asiondoke bila kitu cha moto tumboni. Barabara ya Mwimbi ni baridi.

Nikalala. Nimeketi vilevile, mwiko mkononi.

Niliamshwa na moshi. Mama mkwe alikuwa amekwisha kuchukua mwiko. Akaketi kando yangu. Alizigeuza, alizichagua zilizoungua kabisa akazitupa, zilizoungua nusu akaziacha. Akatwanga. Akapika kwenye sufuria ya uji. Tukanywa, chungu kama dawa ya minyoo, majivu yakiogelea.

Nje lori likapiga honi. Akanyoosha mkono kwa Agnesi.

Nikasema, "Mama, mtoto wangu haendi."

Sijui sauti ilitoka wapi. Nikasema tena. Nikasema nimechoka, sijalala tangu Aprili, kahawa sijui, nilikudanganya miaka minne kuhusu huu mfuko, nitaomba msaada wa kuni na maji na wa kufua, lakini mtoto haendi, mama, naomba unisamehe, haendi.

Alinitazama kama anayesoma barua. Akasema siku sita amekaa humu, leo ndiyo anasikia sauti yangu. Akamaliza kikombe, na majivu. "Hii najua imetoka wapi," akasema.

Honi ya pili. Akafunga kitambaa. Mlangoni akageuka, akasema atamtuma binti wa dada yake aje kunisaidia hadi mavuno yaishe, na kwamba kiatu cha mtoto nikitoe kwenye unga kabla hatujapika ugali.

Agnesi alimpungia mkono. Kisha akarudi kwenye sikio.

Jumatatu, 29 Julai

Siku njema. Polikarp amelala saa tatu mfululizo. Binti amekuja, ni mchapakazi. Mafua yamepungua.

Barua imefika. Mama mkwe anakuja sikukuu ya Kupalizwa, Agosti, na dada zake wawili. Amewasimulia. Anataka wanywe kahawa ileile ya asubuhi ile ya lori. Ametuma na mfuko mpya wa buni, anasema tutakaanga pamoja, tusihangaike.

Nimefikiri sana nini hasa kilimpendeza asubuhi ile. Nimepata. Ni kuungua. Tangawizi haikumshinda, sukari haikumshinda, ila majivu yalimfikia moyoni. Kumbe ndiyo siri ya misheni.

Lakini kuwakaangia wakwe watatu huku wananitazama, hapana. Nimekwenda kwa Mwanaheri, njia ya nyuma, nikamwomba aniunguzie chupa mbili. Akakataa katakata. Alisema akiunguza kahawa kwa kusudi, marehemu mama yake atatoka kaburini kuja kumwonya.

Bahati nzuri Hoteli ya Ushirika wanaunguza bila kuombwa. Wilibrodi amefurahi sana, anasema nimeelimika. Ataleta ndoo nzima siku mbili kabla, kabla ya msongamano wa sikukuu.

Imebaki pa kuihifadhi tu. Sufuria zangu hazijarudi tangu Saba Saba. Cornelia, Mungu ambariki, amesema chungu chake kipo, hakina kazi wiki ile. Nimemwuliza mara mbili, maana mimi si mjinga. Amesema nisiwe na wasiwasi, amekiosha.

Kwa nje.