Komanda, Mbwa Asiyebweka

Jumatatu, 5 Machi 2001
Leo nimepata mbwa. Si mbwa wa hivi hivi, ni wa vita. Jirani yangu Phinées atakonda kwa wivu. Amenichosha na mbwa wake Tonnerre, anayebweka mpaka padri anasimamisha mahubiri. Siku hizi wenye bunduki wanazunguka Butembo wakisomba mifugo, na mwenye mbwa mkali ndiye anayeamkiwa wa kwanza.

Mpango wangu: jike kutoka pori la kule Mavivi. Azae, niwauzie watoto wake wafanyabiashara wote wa mjini. Juma, dereva wa gari la Beni, ndiye aliyemleta. Anasema wawindaji wa kule humtumia kukimbiza nguruwe mwitu. Mdogo kidogo, rangi ya tofali, mkia umejikunja, kipaji cha uso kimejaa mikunjo. Shingoni ana kengele ya mti. Nimemwita Komanda.

Nimembadilisha na mbuzi. Mbuzi ni wa baba mkwe, mzee Zacharie wa Kipese. Alituachia tumtunze, atamchukua Jumamosi kwa ubatizo. Jumamosi iko mbali.

Jumanne, 6 Machi
Komanda habweki. Nimembwekea mimi mwenyewe ili aelewe kazi. Akainamisha kichwa upande, akanitazama kwa huruma, akalala. Katungu, mke wangu, alikuwa mlangoni. Ameona yote.

Akauliza mbuzi wa baba yake yuko wapi. Nikasema anakula majani kwa rafiki. Akasema, "Delphin, niko nakuuliza mara moja tu." Nikasema ukweli. Hakupiga kelele. Alieleza polepole kwamba mbuzi asiporudi Jumamosi, mbwa atarudi porini, na yeye na watoto watapanda kwenda Kipese na baba yake. Katungu akisema jambo polepole, amekwisha kuamua.

Kengele nimeitia motoni chini ya maharage. Ilikuwa inamfanya aonekane mbuzi, na habari za mbuzi sizitaki nyumbani.

Jumatano, 7 Machi
Mtaa mzima unasema Komanda ni mbwa wa mchawi. Eti ulimi wake uliuzwa. Anayesambaza habari ni Phinées. Hata mama anayeuza unga amevuka barabara alipotuona. "Ile imbwa iko na mambo," amesema.

Nimempeleka kwa Ananie, mganga wa mifugo, nikitumaini ana dawa ya kubweka. Hana. Anasema jamii hii ya mbwa ndivyo ilivyo, ni ya pori letu wenyewe, haibweki tangu zamani, na haina uchawi wowote. Kengele ndiyo inayomwonyesha mwindaji mbwa wake yuko wapi majanini. Akauliza kengele iko wapi. Nikatazama dari.

Akampiga sindano ya kuzuia kichaa, kisha akaniamuru: maji safi, bakuli lake mwenyewe, kukimbia kila asubuhi, asishinde amefungwa kamba, asipigwe. Nikamwambia hata mimi situnzwi hivyo. Hakucheka.

Alhamisi, 8 Machi
Tumekimbia hadi kwenye mikaratusi. Yeye alikimbia, mimi niliburutwa. Anajilamba kama paka na hanuki kabisa. Amekula kandambili ya Katungu. Nimemfunga kopo la nyanya lenye vijiwe liwe kengele mpya. Amekula kamba pia.

Lakini nilipotoka sokoni alinipokea na sauti. Haikuwa kubweka, ilikuwa wimbo mrefu wa koo, kama wa shangazi anayeitangulia kwaya. Alikuwa ananiimbia mimi. Nilikaa chini pale pale uani nikamshika kichwa. Ninampenda mbwa huyu. Sikupanga hivyo, na sijui nitafanya nini Jumamosi.

Nimemkuta Katungu akimpa kichwa cha samaki. Anasema kilimponyoka.

Ijumaa, 9 Machi
Wamekuja, asubuhi kweupe. Kundi gani, sijui, siku hizi hatuulizi. Tukajifungia ndani, watoto chini ya kitanda, Komanda katikati yao.

Tonnerre akabweka kwa nguvu zote. Wakaenda moja kwa moja kwa Phinées, maana wameshajua kwamba mbwa wa mjini habweki bure, yuko karibu na mali. Mbuzi wote, nguruwe, hata kuku, wakachukua. Kisha wakafuata sauti ya mbwa mwingine, na mwingine, nyumba hadi nyumba.

Mmoja alisimama mlangoni kwetu. Nilimwona kwenye ufa. Komanda naye alimwona, masikio juu, mdomo umefungwa. Katungu aliniminya mkono mpaka ukafa ganzi. "Huku hakuna mutu," yule wa mlangoni akawaambia wenzake, wakaenda zao.

Mchana kutwa nimeeleza habari hii sokoni, kwenye bomba la maji, mbele ya kanisa: kwangu hawakuingia, hawakugusa hata unyoya, ni kwa sababu ya Komanda. Phinées mwenyewe amekuja kumwangalia, kofia mkononi.

Jumamosi, 10 Machi
Mzee Zacharie amefika. Nilikuwa na wazo la ajabu. Mbuzi wa mtaa wote wamesombwa, basi wake naye amesombwa. Nikainamisha kichwa, nikamsimulia jinsi walivyovunja mlango na kumburuta mnyama maskini. Nililia kidogo.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema tangu alipotelemka garini, kila mtu njiani anamsifia mbwa wa mkwe wake, kwamba hapa hawakuingia wala kugusa unyoya. "Lakini, mukwe wangu, ile mbuzi ilipita mulango gani?"

Kwa mara ya kwanza wiki hii nilitamani Komanda abweke.

Mzee akasimama, akamwambia Katungu afunge mizigo. Nilidhani ndiyo mwisho wangu. Katungu hakusogea. Akaenda kwenye sanduku, akatoa vitenge vyake vya sikukuu, vyote, akamwekea baba yake mapajani aviuze, akanunue mbuzi mwingine. "Baba, ile siku batoto bangu banapona juu imbwa ilinyamaza. Haitoke hapa." Niliona haya mpaka masikioni.

Mzee alipokea. Akanitazama, akamtazama Komanda, akasema afadhali nyumba hii ina mmoja anayejua kunyamaza.

Nimemwapia Katungu, mkono juu ya kichwa cha mbwa: sitafanya mipango tena. Nilikuwa nasema kwa moyo wote.

Jumapili, 11 Machi
Baada ya misa watu wamenizunguka. Kila mmoja anataka mbwa asiyebweka. Sasa huu si mpango, ni mahitaji ya watu, na Komanda hawezi kuzaa peke yake. Kwa bahati Juma alikuwa anapita na dume, ndugu wa pori lile lile, anasema. Nimempa pasi ya makaa.

Ni dume zuri, refu, masikio yameanguka. Amebweka tangu aliposhushwa na bado anaendelea. Juma anasema ni furaha ya safari. Komanda amejificha chini ya kitanda na hataki kunitazama.

Katungu yuko kwaya, hajajua. Sare za watoto hupigwa pasi jioni. Jioni iko mbali.