Mkoba wa Lubisi wa Kwenda Ukweni

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Kibeta.
Miezi mitano tangu Edvina arudi kwao Muleba. Aliondoka akisema mume anayeongea na miradi hahitaji mke. Leo nimepika tena ndizi za watu wawili. Mazoea.

Lakini nimepata njia! Kwenye simu nimeona wageni wanauza mikoba ya kubebea mvinyo usipate joto. Ina picha ya twiga. Wanaiita urithi wa porini. Pori gani? Marehemu babu alikuwa akifunga kibuyu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa magome makavu ya mgomba, na pombe ikafika ukweni na ubaridi wake wote. Urithi ni wetu! Nitatengeneza mkoba, nimpelekee mkwe lubisi, nirudi na mke wangu.

Jumatano, 6 Agosti.
Umekamilika. Nje magome ya mgomba. Katikati sponji ya godoro (nimekata upande wa Edvina, maana hautumiki). Ndani karatasi ya kung'aa, kisha kibuyu cha babu mwenyewe. Babu alikiziba kwa jani la mgomba. Uzembe! Hewa inapita. Mimi nimegandisha shingoni mfuniko wa chupa ya chai, ule wa kukaza.

Jirani Byarugaba alichungulia juu ya ua. Akauliza kama natengeneza kiota cha kuku. Akasema lubisi si kichanga, ya nini kuivika sweta? Wivu. Yeye hupeleka ya ukweni kwa dumu la njano. Jioni namsikia mke wake akicheka mpaka huku kwangu.

Ijumaa, 8 Agosti.
Nimenunua lubisi kwa Benadetha, mbichi ya jana. Akaniambia nisikaze mfuniko, lubisi inapumua. Nikamweleza habari za teknolojia. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema nimsalimie Edvina, nisisahau.

Vipimo, kwa kidole. Saa nne: baridi. Saa sita: baridi. Saa nane: vuguvugu. Huenda ni kidole. Saa kumi sikupima, mfuniko haukufunguka. Imara kweli!

Jumamosi, 9 Agosti. Muleba.
Mzee Kahigi, baba yake Edvina, alinipokea vizuri, amevaa kanzu nyeupe. Edvina akanisalimia, akakaa karibu na mlango akinitazama. Nikaeleza mkoba. Tabaka la kwanza. La pili. Kwenye la tatu Edvina akainuka kwenda jikoni.

Mzee akasema basi, mwanangu, onja. Ndiyo desturi: aletaye pombe huonja mbele ya mwenyeji, ijulikane haina sumu. Nikazungusha mfuniko. Ukagoma. Nikaushika kwa meno. Ukagoma. Shangazi yake Edvina, Alistidia, akauliza kwa Kihaya, makusudi kwa sauti, mbona mkwe haonji? Nikaapa kwamba utafunguka.

Ukafunguka wenyewe. Mfuniko ukapiga dari. Lubisi ikapiga kanzu. Kibuyu cha babu vipande vitatu!

Jikoni Edvina akacheka. Kicheko chake kile kile cha zamani. Nilitamani kibuyu kipasuke tena.

Nikaokota vipande, nikaomba radhi, nikaondoka. Nilipofika Kibeta ndipo nikakumbuka: sikumwambia turudi nyumbani. Wala salamu za Benadetha.

Jumanne, 12 Agosti. Kibeta.
Ujumbe kutoka kwa Edvina! Wa kwanza tangu Machi. Anasema niende Jumapili, ila niende mikono mitupu.

Nimeusoma mara kumi na moja, nimekaa kwenye nusu yangu ya godoro. Mikono mitupu. Nikamwonyesha Byarugaba. Akasema maana yake iko wazi, mjinga tu ndiye asiyeielewa. Kwa mara ya kwanza nakubaliana naye.

Kosa lilikuwa mshikio wa mkononi! Mkoba unapaswa kubebwa mgongoni. Nimeshashona mikanda miwili, na nimekata sponji ya upande wangu.