Bakteria Wazuri wa Nyakunguru

Jumatatu, 4 Machi 2013
Tangi la kioo limefika kutoka Sirari kwa bodaboda. Halina hata ufa! Madam Vivian, mnunuzi wa dhahabu, anakuja Jumamosi kukagua chumba changu cha mbele. Kwa sasa amepanga kwa jirani yangu Nyangwine. Akihamia kwangu, kila mchimbaji wa Nyakunguru atapanga foleni mlangoni pangu, na hata wanaonizidi umri wataniita mzee. Jana kanisani alisema aliacha samaki wake wa mapambo Kisumu na anawakumbuka kuliko mume wake. Nyangwine alikuwa pembeni, anasinzia. Hakusikia kitu.

Orwa, aliyeniuzia tangi, kanionya nisiweke samaki bado. Eti maji yakae wiki nne mpaka yapate bakteria wazuri, wale wanaokula sumu ya mkojo wa samaki. Wiki nne! Mimi nina siku tano.

Jumanne, 5 Machi
Nimeweka samaki wanne, wekundu. Orwa aliwaleta huku ananung'unika. Alinipa pia sponji kuukuu kutoka tangi lake, chafu kama buti la mchimbaji. Eti hiyo ndiyo mbegu ya bakteria. Nikaifua kwa sabuni ya unga, nikaianika juani, kisha nikampigia simu ajue kwamba mteja wake ni mtu msafi.

Akafoka kwa Kijaluo. Niliambulia neno moja, na halikuwa la heshima. Akaniuliza kama kibuyu cha maziwa hapa nyumbani tunakiosha kwa sabuni. Nikamwambia hatuna wazimu, mbegu ya maziwa inakaa humo humo, ukiiua maziwa hayagandi. Akasema basi, umejijibu mwenyewe. Akakata.

Nimewaza mchana kutwa.

Jumatano, 6 Machi
Nimeelewa! Orwa kanipa siri bila kujua. Bakteria wazuri wako kwenye maziwa ya mgando! Hata nesi wa kliniki aliwahi kutuambia. Mke wangu Ghati alipokwenda kisimani nikachukua kibuyu chake, nikamimina kikombe kimoja tangini. Nikaona huo ni uchoyo. Nikamimina chote.

Maji yamekuwa meupe pepepe. Samaki hawaonekani. Nadhani bakteria wako kazini.

Alhamisi, 7 Machi
Harufu! Samaki wawili wanaelea, wawili wanatweta juu ya maji. Ghati ameuliza yako wapi maziwa aliyomwekea mama yake. Nikamwonyesha tangi. Ameingia chumbani kwetu na kujifungia.

Nyangwine alipita, akauliza kama nimefungua kiwanda cha maziwa. Mtu asiyeweza hata kufagia uwanja wake! Imeniuma sana.

Ijumaa, 8 Machi
Wamekufa wote. Orwa amekuja mwenyewe. Ameosha tangi, amejaza maji safi, amewasha pampu ya hewa, ameweka sponji nyingine yenye mbegu. Kisha akanisihi: Baba Daudi, tafadhali, usiguse kitu. Eti nimwambie Madam Vivian ukweli, kwamba maji bado yanakomaa. Nikaapa.

Hajafika hata barabarani nikakumbuka kambare. Kambare anaishi kwenye tope! Bakteria wa nini? Nimenunua mmoja mzima, mrefu kama mkono wangu. Anatosha kona hadi kona.

Jumamosi, 9 Machi
Madam Vivian alifika saa nne. Kambare alikuwa ameshachanachana sponji na kurusha maji mpaka kwenye kochi. Akauliza mbona nimefunga mumi, ndivyo wanavyomwita kambare, kwenye kioo, kwao hiyo ni mboga. Kisha akasema neno lililonikata maini: angekuta tangi tupu, maji yanakomaa taratibu, angehamia leo leo, maana mwezi ujao analeta samaki wake kutoka Kisumu. Tangi tupu! Nilikuwa nalo jana!

Amesema samaki wakifika, atakaa kwa yule atakayekuwa na maji tayari. Jioni Nyangwine naye kaletewa tangi. Orwa anamsifu eti amelijaza maji, akaweka sponji, akaenda kulala. Siku hizi uvivu ni sifa!

Jumapili, 10 Machi
Ghati amefungua mlango. Yeye na mama yake, aliyekuja kufuata maziwa yake, wamemla kambare. Sikupewa hata mkia.

Orwa ameleta sponji ya tatu. Anasema bado nina wiki nne kamili, sawasawa na Nyangwine, na kazi yangu ni kukaa tu. Kukaa tu, mimi! Nishindwe na mtu aliyelala? Misa nzima sikusikia mahubiri.

Nikitoka kanisani nimempitia mama mmoja jirani, anapika maandazi. Unga wake uliumuka kwa saa moja. Saa moja! Halafu mimi nadanganywa wiki nne. Nimenunua pakiti tatu za hamira. Ya kwanza nimeshaimimina tangini.