Sebule Yangu ya Kahawia Imekwisha, Hakijabaki Kitu

Lumino, Samia-Bugwe,
Jumatatu, 13 Agosti 1956.

Kwa Mzee Ojangole,
Sajini Mstaafu wa Polisi,
Mella, Tororo.

Mheshimiwa Mzee na Baba Mkwe Mtarajiwa,

YAH: NYUMBA YANGU KUITWA "BADO"

Nakusalimu kwa unyenyekevu, na kwa kalamu ile ile niliyotunukiwa chuoni nilipokuwa wa kwanza katika somo la Insha. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kiteso changu ni cha sokoni, na Kisamia chako, kwa heshima zote, ni cha kukamatia watu.

Utakumbuka kwamba Jumamosi iliyopita ulifika kwangu hapa Lumino pamoja na dada yako, Shangazi Acen, binti yako Amulen, na akina mama wa kanisani kwenu. Mlikuja kuikagua nyumba, kama ilivyo desturi kabla ya kutaja siku ya ndoa. Mliondoka bila kuitaja. Ulipanda baiskeli yako na kuniachia neno moja tu: "Mwalimu akimaliza nyumba, atuite."

Mzee, nyumba imekwisha. Ilikuwa imekwisha kabla hamjafika. Mtu aliyemaliza chuo kwa sifa hawezi kuambiwa mbele ya majirani kwamba imemshinda sebule.

Kabla sijaorodhesha malalamiko yangu, naomba nieleze asili ya jambo lenyewe, ili tusibishane gizani. Nilipokuwa chuoni, mke wa mkuu wetu alitupa magazeti ya zamani aliyokuwa akiletewa kutoka kwao, nami nikaokota moja. Katika ukurasa wa katikati mna picha ya sebule ya watu wenye cheo huko Uingereza. Kila kitu humo ni cha kahawia. Kuta ni kahawia iliyopauka, mapazia ni kahawia ya kati, viti ni kahawia iliyokolea. Bibi mwenye nyumba ameketi akitabasamu, gauni lake la kahawia. Paka aliyelala miguuni pake ni wa kahawia. Hata maua ndani ya chombo ni ya kahawia! Nilijiuliza watu hawa wameelimika kiasi gani, mpaka ua nalo linafuata mpango wa nyumba. Wenzangu walikuwa wakibandika picha za baiskeli juu ya vitanda vyao. Mimi nilibandika sebule.

Nilipopata kazi ya ualimu hapa, nilianza kuitimiza ndoto hiyo. Udongo wa kuta niliufuata Masinya, kwenye kichuguu chenye kahawia niliyoitaka, nikauchanganya na mavi mabichi ya ng'ombe mpaka ukalainika. Mapazia ni amerikani niliyoinunua Tororo na kuichemsha pamoja na magome ya mti. Mito ya viti niliichemsha katika maji yale yale. Maua ya alizeti pia niliyachemsha, ingawa hayo hayakustahimili. Sasa nakuja kwenye malalamiko.

1. Shangazi Acen alisimama mlangoni, akatazama kuta zangu kwa huruma kubwa, na kusema, nanukuu: "Mwalimu, pole sana. Nyumba ilikushindia wapi?" Nilimweleza kwamba haikunishinda. Akanishika mkono kama mtu anayefariji mfiwa. "Hapana ona haya," akasema. "Hii ukuta nangoja tu mwanamke."

Nafahamu vizuri chanzo cha kosa lake. Kwetu na kwenu pia, ukuta hukandikwa kwanza kwa udongo wa kahawia, na ukishakauka ndipo akina mama huja kuupaka udongo mweupe na kuuchorea nakshi chini. Kwa hiyo mtu asiyesafiri akiona kahawia, anaona kazi iliyoachwa njiani. Lakini mimi sikuiacha njiani. Nilisimama pale kwa makusudi. Kati ya mtu aliyechoka na mtu aliyechagua pana tofauti kubwa, na tofauti hiyo ndiyo niliyosomea.

2. Wakati wewe nami tukiwa uani kwenye chungu cha pombe, tukivuta kwa mirija na kuzungumza kama wanaume wenye akili, Shangazi Acen alikaza kanga kiunoni na kutangaza: "Wewe napumzika, sisi namaliza." Akina mama wale walitoa udongo mweupe waliokuja nao kutoka Mella. Naomba utafakari jambo hilo, Mzee. Walikuja nao! Walitoka kwenu wakiwa wamekwisha kunihukumu. Niliporudi ndani, ukuta mzima wa mashariki, ulio nyuma ya kiti changu kikubwa, ulikuwa mweupe na umejaa alama za viganja, na shangazi yangu mwenyewe, Taaka, aliyenilea, ndiye aliyekuwa akiwatekea maji. Nilipomkazia macho alinijibu kwa Kiswahili ili wageni wasikie: "Sasa inakaa kama ya mtu."

3. Kuhusu kumkalia Mzee Oundo. Najua tukio hilo lilikuudhi, na ndilo unalolitaja huko kwenu kuwa ushahidi wa mwisho dhidi ya sebule yangu. Naomba tulitazame bila hasira. Baba yangu mkubwa Oundo alirudi kutoka vitani Burma na koti la jeshi la rangi ya kahawia, ambalo halivui hata wakati wa jua. Siku hiyo alitangulia kuingia, akaketi kwenye kiti cha pembeni, akasinzia. Wewe ulitoka kwenye mwanga, ukaona kiti, ukaketi. Ni kweli kwamba kwa muda fulani hakuna aliyejua lolote, hata Mzee Oundo. Lakini alipozinduka alikuambia kwa adabu, "Karibu, mkwe, ila viti vingine viko kule." Hapo palikuwa na ugomvi gani? Wewe ndiye uliyeruka na kupiga kelele ya kipolisi, "Nani ameweka mtu hapa?" kana kwamba nimemficha mhalifu.

Nakubali kwamba tangu siku hiyo Mzee Oundo haingii sebuleni mpaka amefunga leso nyeupe kichwani. Jambo hilo linaharibu mpango wa rangi, nami nimemwandikia yeye pia.

4. Kuhusu maziwa. Nimesikia kwamba huko Mella inasemwa nyumba yangu haina maziwa. Huo si ukweli. Ng'ombe ninaye, na alikamuliwa asubuhi hiyo. Ila mgeni makini angegundua kwamba chakula chote nilichoandaa kilifuatana na sebule: ugali wa wimbi, samaki wa kukaushwa kwa moshi, mchuzi wa karanga, vyote ndani ya vyungu. Sukumawiki niliikataza isivuke mlango. Maziwa niliyaruhusu kuingia, lakini yakiwa ndani ya chai. Wewe uliyaomba peke yake, ndani ya kibuyu, kama afanyavyo mfugaji, nami nikakujibu kwamba kwa leo haiwezekani. Shangazi Taaka anasema uso wako ulibadilika wakati ule, hata kabla ya mambo ya Mzee Oundo. Mimi sikuona, kwa sababu palikuwa na giza kidogo.

5. Hili ni zito zaidi, nalo nalitaja kwa uchungu. Ili kumwonyesha Amulen kwamba sikubuni mambo haya kichwani mwangu, nilimwita kando na kumfunulia ile picha ya gazetini. Nilitarajia angestaajabu. Aliitazama kwa muda mrefu, akanitazama mimi, akatazama tena picha, kisha akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango asianguke. Halafu akaniuliza swali. Swali lenyewe sitaliandika hapa, kwa kuwa halina elimu ndani yake. Nilimjibu kwamba akishasafiri ataelewa. Tangu niseme hivyo hajacheka tena, na alipoondoka hakunipungia mkono. Naongeza kwamba nyumba nzima niliipangia yeye. Kiti kilicho karibu na dirisha ni chake, na mto wake ndio niliouchemsha mara nyingi kuliko yote.

Kwa kuzingatia hayo, naomba yafuatayo, nikiamini kwamba afisa wa usalama aliyestaafu kwa heshima hawezi kushindwa kutenda haki:

(a) Jumapili ijayo baada ya ibada, utangaze mbele ya watu wa Mella kwamba kahawia ni rangi iliyokwisha.

(b) Shangazi Acen arudi kuukwangua ukuta wa mashariki, kwa mkono ule ule aliouchafulia.

(c) Wageni wote watakaokuja kwangu siku zijazo waje na nguo zisizogombana na kuta, isipokuwa Mzee Oundo, ambaye kwa usalama wake itabidi avae kinyume.

(d) Gauni la harusi la Amulen liwe la kahawia. Najua kasisi atashangaa. Nimekwisha kumwandalia maelezo.

(e) Ng'ombe wa mahari wawe wa kahawia tupu. Ili usidhani natania, jana nilimrudisha kwa mwenyewe yule jike mweupe tuliyemkubali, ambaye majirani wote wananiambia ndiye mwenye maziwa mengi kuliko wenzake. Niliwajibu kwamba maziwa hayaonekani kutoka barabarani, lakini ng'ombe anaonekana.

Nisipopata jibu la kuridhisha, itanilazimu kulipeleka jambo hili kwa chifu wa saza, yaani mkuu wa kaunti yetu, na kutoka hapo kwenye baraza la wilaya. Nitaomba ipitishwe sheria ndogo kwamba nyumba ni nyumba kwa tamko la mwenye nyumba, si kwa tamko la shangazi wa mke wake. Baraza likishindwa, Entebbe si mbali kwa mtu mwenye kalamu. Itakapofika kwa Gavana, sitapenda jina la ukoo wako lisomwe humo, Mzee, lakini litasomwa.

Pamoja na barua hii naambatanisha ule ukurasa wa gazeti kama ushahidi, ili uone kwa macho yako jinsi watu waliomaliza nyumba wanavyoishi.

Mfikishie salamu zangu Mama Mkwe, ambaye kwa heshima ya mila hakuingia kwangu bali alikaa kwa jirani Opolot, na ambaye nasikia hata kutoka kule alisema "bado". Wasalimie pia akina mama wa kanisani, bila kuwataja kwa majina, kwani wanajijua, vijana wanaochunga, na mbwa wako, ambaye ndiye mgeni pekee aliyelala kwenye zulia langu bila maoni. Salamu za Amulen naziweka peke yake, hapa chini, zisichanganyike na malalamiko: msalimie.

Ni mimi, mwanao mtiifu ukiniruhusu niwe mwanao,

Bartholomew Egesa,
Mwalimu mwenye Diploma,
mwenye nyumba iliyokwisha.

TANBIHI: Mzee, nilikuwa nimekwisha kulamba bahasha nilipokumbuka kwamba sijakata ule ukurasa wa ushahidi. Nilipofungua gazeti, upepo ulifunua ukurasa unaofuata, ambao tangu nilipoliokota sikuwahi kuutazama, kwa kuwa unahusu kilimo cha mboga. Kabichi zote ni za kahawia. Nikafunua mbele zaidi. Bahari ni ya kahawia, na theluji iliyo juu ya mlima ni ya kahawia, na pia mtoto mchanga aliyezaliwa wiki ile. Nikalifunua gazeti zima mpaka nyuma, penye tangazo la sabuni ya kufulia mashuka meupe. Mashuka ni ya kahawia.

Kwa hiyo sasa sijui sebule ile ya Uingereza ilikuwa ya rangi gani. Nimekaa kitini nikaanza kuangalia kuta zangu, na nimegundua kwamba karatasi hii naisoma vizuri zaidi nikiigeuzia ukuta wa mashariki.

Naomba uyahesabu malalamiko yote hapo juu kuwa hayakuandikwa. Barua naituma hivi hivi kwa sababu karatasi nzuri imekwisha. Mwambie Shangazi Acen aje na udongo mweupe wa kutosha kuta zilizobaki, nami nitawatekea maji mwenyewe. Yule ng'ombe mweupe naenda kumchukua tena leo hii, kabla hajapata mtu mwingine. Kibuyu chako cha maziwa kitakuwa mezani.

Na Amulen, tafadhali mwambie kwamba nimelifikiria upya swali lake. Aliniuliza: "Na meno ya huyu mama, nayo walipaka?"

Mwambie nimeyatazama. Mwambie ni kweli, hata meno.