Kabari ya Kitufe cha Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Sijala mchana. Asubuhi Meneja aliniletea mezani kazi mpya ya kusahihisha: kijitabu cha mwongozo wa usalama kazini, kwa waajiri na wafanyakazi. Kiwe kimechapwa na kukatwa kufikia Ijumaa. Mkaguzi wa usalama atakuja kukichukua kwa mkono wake.

Nikasoma kwa raha hadi ukurasa wa kumi na tisa. Hapo nikasahau hata koma. Unasema mashine ya kukata karatasi ina vitufe viwili ili mikono yote miwili iwe juu ya vitufe kisu kinaposhuka. Anayependa vidole vyake asikwamishe kitufe hata kimoja.

Kitufe cha kushoto cha mashine yetu kimekwama tangu Januari. Kimekwamishwa kwa kabari ya mti, na kabari ni wazo langu. Nilimwonyesha shemeji, mume wa dada yangu, ambaye ndiye anayeendesha mashine hiyo, kwamba akibonyeza kwa mkono mmoja na kunyoosha karatasi kwa mwingine atamaliza kazi mapema. Alinisikiliza kwa kuwa mimi ndiye mwakilishi wa usalama wa kiwanda chetu cha uchapaji. Nilichaguliwa kwa sababu nasoma bila kutikisa midomo. Nina kizibao cha manjano.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata mpango. Wote walipokwenda kula, nilinyata, nikaichomoa kabari, nikaitia mfukoni. Nikarudi mezani moyo ukipiga kelele kuliko mitambo. Yamekwisha, nikajisemea.

Saa nane shemeji alikuwa amekwisha chonga nyingine. Imara zaidi. Alimshukuru mwizi mbele ya watu, eti ile ya kwanza ilikuwa ikichezacheza. Mtunza ghala, anayenionea wivu wa kizibao tangu siku ya uchaguzi, alisema kwamba panya wa siku hizi wanakula mbao na kuvaa manjano. Watu wakacheka. Nami nikacheka, ila nikachelewa kunyamaza.

Jumatano, 5 Machi

Jioni nilikwenda kwa dada. Nia: amtishe mumewe, mimi nisionekane. Tulitoka kwetu zamani tukiwa wawili tu, yeye na sufuria, mimi na kamusi. Wengine sikujua walikoishia. Nikamwambia nimeota vibaya kuhusu mashine. Hakutaka kusikia ndoto. Aliuliza ni nani aliyemfundisha mumewe kufanya kazi kwa mkono mmoja, maana mwenyewe anajisifu nyumbani kuwa kafundishwa na mtu mwenye akili. Nikasema mitambo ina mambo yake.

Akaacha kukunja nguo. "Kaka, mimi sina mume wa akiba," alisema. "Na kizibao unakivaa wewe."

Nikaapa kumlinda. Njiani nilihesabu vidole vyangu. Kumi. Vya shemeji navyo kumi, kwa leo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeamka na akili mpya. Mkaguzi hawezi kukagua asichokikumbuka! Kwenye rasimu nikaufuta ukurasa wa kumi na tisa kwa kalamu nyekundu, pamoja na wa ishirini ulioko mgongoni mwake. Pembeni nikaandika: yamesemwa kwingine. Uongo mtupu.

Jambo moja sikulipigia hesabu. Karatasi zilikuwa zimeshachapwa. Ukiondoa kurasa, unachapa upya, na kilichochapwa upya hukatwa upya. Meneja akataka nakala elfu mbili kabla ya jioni. Shemeji akakata mbio mbio. Mbio nilizomtia mimi.

Saa tisa nilisimama nyuma yake, kama nilivyoapa. Nilitaka kumwambia aache. Kisu kikashuka, na safari hii mlio ulikuwa mwingine kidogo, laini, kama wa kitambaa.

Shemeji aliuvuta mkono. Kifungo na kipande cha shati vilibaki juu ya karatasi. Akavitazama vidole vyake, akavihesabu kimoja kimoja, kama mzazi anayehesabu watoto baada ya kuvuka mto. Vikatimia. Akakaa sakafuni.

"Shemeji," aliniambia taratibu, "ulisema haina neno."

Akainuka, akaendelea, maana kazi ilikuwa imebaki nusu, na kabari ikabaki pale pale. Mimi nikaenda kufungua daftari la ajali, ambalo ni jukumu langu. Nikaandika: Shati limepungua.

Ijumaa, 7 Machi

Mkaguzi ni mama wa makamo, mpole. Upole wake ndio ulionitisha. Alikifunua kijitabu kabla ya kukaa. Kumi na nane, ishirini na moja. Namba! Miaka thelathini ya kusahihisha, na nimesahau kubadili namba. Akauliza ukurasa wake uko wapi, kwani aliuandika yeye mwenyewe. Akauweka mkono wa kushoto mezani. Dole gumba na vidole viwili.

Mtunza ghala akakumbuka ghafla rasimu ilipo. Wino wangu mwekundu ukaonekana hata na vipofu. Mkaguzi akausoma, akaomba aonyeshwe mashine, akaiona kabari. Akauliza nani ameiweka.

Nilivitazama viatu vyangu. Nilivisoma uzi kwa uzi.

"Ni mimi," shemeji akasema. "Nilibuni mwenyewe. Asiulizwe mwingine."

Hakunitazama. Aibu ilinielemea, nikarudi kuvisoma viatu. Mashine imefungwa hadi itengenezwe. Shemeji amehamishiwa chumba cha juu kujalidi vitabu. Kalamu nyekundu Meneja ameichukua. Dada aliuliza kitu kimoja tu, kama mikono imerudi nyumbani yote miwili.

Jumatatu, 10 Machi

Kizibao kimekwenda kwa mtunza ghala. Kinambana tumboni, na hiyo ndiyo faraja yangu. Lakini Meneja amenihurumia, amenipa kazi moja ndogo ya usalama: kuutunza mlango wa dharura wa chumba cha juu. Shemeji na wenzake sita hawana pengine pa kukimbilia moto ukishika ngazi.

Safari hii sifanyi mzaha. Nimeukagua mlango juu hadi chini, na nilichokiona kimenitoa jasho. Unafunguka! Mtu yeyote anausukuma tu. Upepo unaingia, shemeji anakohoa, na mwizi akitaka anapita. Ningemjibu nini dada?

Nimetia kufuli, kubwa kuliko zote dukani. Ufunguo ni mmoja tu, nimeuvaa shingoni. Mimi natoka saa kumi, wao saa kumi na mbili. Hatimaye shemeji yuko mahali ambapo hakuna kitu cha kumfikia. Nimempelekea dada salamu, alale usingizi.