Ng'ombe wa Ngurumo

Gazeti la asubuhi lilikuja na kioja: askari wa barabara kuu, hapa hapa Oklahoma, kaingia kwenye redio koli wanayoongelea madereva akijifanya dereva wa lori. Kawaambia madereva njia nyeupe, kanyageni mafuta. Wakakanyaga. Kumbe kawangoja mbele na kitabu cha faini.

"Bandia mkubwa!" Kijogoo alipiga ngumi kaunta ya Wanda, mwenye mgahawa, kahawa ikaruka. Alikuwa dereva wa trela, jitu la miraba minne, na mgahawani humo watu waliitana kwa majina ya redioni tu. "Mtu anajidai ana lori, kumbe hana! Huyo hata shetani hamtaki."

"Hamtaki kabisa!" Delbert aliitikia kwa sauti kuliko wote.

Maskini Delbert! Redioni alikuwa Ngurumo, msafirisha ng'ombe wa Texas, trela la magurudumu kumi na nane. Ukweli, alikuwa muuza viatu mstaafu. Kila kiangazi alisafiri na mkewe Norma kwa gari la familia, stesheni wagoni, akiificha nyuma ya mgahawa karibu na mapipa ya taka. Hakuwa na kijiwe kingine duniani ambako watu walichangamka akiingia, na leo alikiona kinamponyoka.

"Mimi bandia namjua kwa harufu," alisema Mchungaji, dereva mwembamba, mdomo umejaa pai ya tufaha. "Enhe Ngurumo, ng'ombe hawajambo?"

"Wakorofi, kaka! Mmoja kanitandika teke."

"Lo, pole. La wapi?"

Delbert alishika goti, akaghairi, akashika paja.

Mara redio koli ya Wanda, iliyokaa kwenye rafu juu ya birika, ikakoroma. Ikatoka sauti ya mwanamke anayejisemea.

"...nimechoka kunusa mapipa mie. Eti Ngurumo! Mwanamume anamkimbia jogoo wa dada yangu! Na ile kofia yake ya udereva kaipaka mafuta mwenyewe ionekane ya kazi, tena mafuta yangu ya kukaangia!"

Delbert akajua kimenuka. Norma, huko garini, kaweka kikapu chake cha kufumia juu ya kipaza sauti cha redio yao, kitufe kimebanwa, na barabara nzima inamsikiliza.

Uso ulimwaka kwa aibu. Akaivua kofia, akaiweka kaunta.

"Jamani, mimi nilikuwa nauza viatu."

"Weee mzee," Wanda akasema huku akimwongezea kahawa, "taka za hapa anamwaga nani? Si mimi? Mkeo hunisaidia kufunga mifuko. Tunajua miaka yote."

"Na hamkusema?"

"Tuseme nini, na uongo wenyewe mtamu?" Kijogoo alikuwa akifuta machozi ya kicheko. "Leo tulitaka tu kuona utatoka jasho kiasi gani. Vaa kofia yako, bwana."

Delbert alitoka amenywea. Yeye na Norma walipokwisha kuingia barabarani, redio ya gari ikaita.

"Ngurumo, Kijogoo hapa. Vipi, ng'ombe wazima?"

Delbert akakaza macho barabarani, mikono kwenye usukani. Norma akakichukua kipaza sauti.

"Wazima," akasema. "Mmoja ndiye anaendesha."