Zamu ya Marehemu

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema. Bosi katuita ofisini kwake, mimi na Kamusi. Kamusi ni wakili mwenzangu, tunakaa meza zinazotazamana. Tunamwita hivyo kwa sababu hawezi kusema "samahani" pale ambapo "niwie radhi kwa taksiri yangu" itatosha. Bosi anataka msaidizi kwenye rufaa ya kile kiwanda kilichoungua. Kesi kubwa. Msaidizi mmoja tu. Akasema haoni tofauti kati yetu sisi wawili, neno lililonichoma, kwa hiyo ataangalia mashindano ya klabu. Atakayefika mbali zaidi ndiye atakayekwenda naye.

Klabu yenyewe ni ya sataranji, ya mtandaoni, ya mawakili, mahakimu na wanafunzi wa sheria. Bosi ndiye mlezi. Anaamini kwamba asiyeweza kutulia mbele ya kete hawezi kutulia mbele ya shahidi.

Shida ni moja. Sijui kucheza. Yaani najua kila kete inakwendaje, ila sijui iende kwa nini. Mara ya mwisho nilifungwa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyekuwa, kwa maneno yake mwenyewe, ananyolewa huku anacheza.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Nikipitia picha za wanachama nimekutana na uso ninaoujua. Wakili Mwavuli. Hakuna aliyewahi kumwona bila mwavuli, hata ndani ya mahakama. Alifariki mwaka jana. Mazishini nilikuwepo, udongo nimetupa kwa mkono wangu. Hakuna aliyekumbuka kumwondoa kwenye klabu. Na kanuni iko wazi: kila mchezaji ana siku moja ya kusogeza kete, wikendi haihesabiwi, asiyesogeza ameshindwa.

Nimempigia Katibu wa klabu. Binti wa chuo, kajiunga juzijuzi, hajui nani ni nani. Nimejitolea kumsaidia kupanga nani acheze na nani. Kashukuru sana. Kasema watu kama mimi ni wachache.

Jumanne, 4 Machi

Ratiba imetoka. Mimi na marehemu. Kamusi na yule mwanafunzi wanayemwita Kisu, bingwa wa mwaka jana. Nimemwambia Kamusi ajipe moyo, bahati ni upepo, huvuma popote. Kajibu kwamba methali hiyo haipo.

Nimesogeza askari wa mbele ya mfalme. Kisha nimekunywa chai taratibu nikimtazama Kamusi anavyosoma kitabu cha sataranji chini ya meza. Nikamwonea huruma. Huruma tamu.

Jioni dada yangu mkubwa, ninayekaa kwake, kaniuliza mbona nacheka na ukuta. Nimemwambia kazi inakwenda.

Jumatano, 5 Machi

Marehemu amesogeza.

Ilikuwa mchana, mahakama imekaa. Nilikuwa koridoni nikingoja kesi yetu itajwe. Watu wamejazana, joto, karani anaita majina. Simu ikatetemeka. Askari wake mweusi alikuwa amesimama uso kwa uso na wangu. Kesi ilipotajwa nikasimama nikajitambulisha kwa jina la mshtakiwa badala ya langu.

Nimempigia Katibu. Nimezungukazunguka, habari za masomo, habari za nyumbani, kisha nikamuuliza kama mtandao unaweza kumchezea mtu asiyekuwepo. Kasema hapana, kete haisogei mpaka mwenyewe aingie na neno lake la siri. Akauliza kama nina malalamiko. Nimesema sina. Ningelalamika nini? Kwamba mpinzani niliyemchagua kwa kuwa amekufa, hajafa vya kutosha?

Nimesogeza farasi.

Alhamisi, 6 Machi

Leo kasogeza na kuandika. Mchana tena, mahakama imekaa.

Kaandika: "Wakili msomi, farasi huyo umemtoa mapema. Una haraka. Haraka yako itakutangulia kufika."

Maneno hayohayo aliniambia kwenye ngazi za mahakama, mwaka juzi, tukiwa wawili tu. Nikayasoma mara ya pili. Nilipokuwa bado nayasoma, yakashuka mengine: "Huku hakuna madirisha. Najua mahakama imekaa kwa kusikia nyinyi mkisimama."

Nimemweleza dada. Yeye ni muuguzi, wodi ya wagonjwa mahututi. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho. Kasema amehudumia marehemu wengi na hajasikia hata mmoja akiomba maji, sembuse simu. Kasema huyo ni mtu ananichezea akili, na kwamba kazi yenyewe si kubwa.

Dada ana akili. Nimelala nikijua ni nani. Kamusi. Kanuna kwa sababu ya Kisu, sasa kaiba neno la siri la marehemu.

Ijumaa, 7 Machi

Mtego. Baada ya chakula cha mchana nimemwambia Kamusi simu yangu imeisha chaji, aniazime yake nimpigie mteja. Kanipa. Sikuirudisha. Nimevuta kiti nikakaa mbele yake, simu yake mfuko wa kushoto, yangu mfuko wa kulia. Yeye anaandika hati kwa mkono, mikono yote miwili naiona. Nikamkodolea macho kama paka mbele ya tundu.

Ikatetemeka ya kulia.

Malkia mweusi ametoka. Chini yake maneno manne: "Mrudishie mwenzako simu yake."

Nimemrudishia. Kamusi kaniuliza mbona nimekuwa rangi ya majivu. Halafu, bila kuulizwa, akanipa habari zake: Kisu ana mitihani, hajasogeza hata kete moja, ameondolewa. Kamusi ameingia raundi ya pili bila jasho. Kasema kwa kweli bahati ni upepo.

Aliye hai kakosa kuja. Aliyekufa hakosi hata siku moja.

Jumapili, 9 Machi

Jana na leo kimya. Mahakama imefungwa, naye kapumzika. Nimetumia nafasi hiyo kwenda kwa mjane wake. Nyumba ndogo safi, mapazia yamefunguliwa, jua limejaa sebuleni. Joho la uwakili linaning'inia nyuma ya mlango, limepigwa pasi. Nilipoingia alikuwa anapiga pasi shati la kiume. Sikuuliza la nani.

Nimempa shikamoo, nikampa na pole iliyochelewa. Kaitikia vizuri, ni mwalimu mstaafu, sauti bado ya darasani. Nikauliza, kwa njia ya mbali, kompyuta ya marehemu anaitumia nani siku hizi. Kasema aliipeleka shuleni. Na simu?

"Simu tumemzika nayo," kasema. "Ilikuwa mfukoni mwake. Nikawaambia mwacheni nayo, hakupata kuachana nayo akiwa hai."

Nikatazama sakafu. Na kwa kuwa mdomo wangu una haraka kuliko miguu yangu, nikasema ndiyo maana anacheza vizuri hivi.

Akasimamisha pasi.

"Unacheza naye?"

"Kuna mtu anacheza, mama. Sijui ni nani."

"Anasemaje huyo mtu?"

"Anasema nina haraka."

"Basi ni yeye." Akaendelea na kola ya shati. Hakushangaa, hakulia. "Muulize ufunguo wa kabati la nguo kauweka wapi, mwanangu. Nimeutafuta mpaka nimechoka."

Nimesema nitauliza. Mtu angejibu nini kingine?

Jumatatu, 10 Machi

Nimesogeza ngome na kuuliza habari za ufunguo. Nimejisikia mpumbavu. Mchana likaja jibu: "Nyuma ya droo ya chini. Umeangukia ukutani." Na ngome yangu kaila.

Nimempigia mjane. Nikasikia droo ikivutwa, mbao zikikwaruza, halafu mlio mdogo wa chuma juu ya meza. Akaniomba kitu kimoja. Nisiumalize mchezo upesi. Ana jambo jingine la kuuliza, ila hajapata namna ya kulisema.

Sasa nieleze hali yangu ilivyo. Ngome moja imekwenda. Malkia wangu kabanwa pembeni kama shahidi wa uongo. Kesho au keshokutwa nafungwa, na Kamusi anakwenda kwenye rufaa. Lakini mimi ndiye niliyeshika kamba pande zote mbili. Mjane anataka kuuliza. Marehemu, bila shaka, anataka kusikia. Hakuna njia nyingine isipokuwa simu yangu.

Nimemwandikia, kwa heshima zote, kwamba swali la mkewe nitalifikisha iwapo yeye atakubali kushindwa.

Nimekaa nikiitazama sentensi hiyo. Haikupendeza machoni. Lakini nilikuwa nimeshaituma.

Jumanne, 11 Machi

Hakujibu asubuhi. Hakujibu mchana. Nilikuwa mahakamani na Bosi, kesi ndogo ya mpangaji. Hakimu akaingia, tukasimama wote. Akaketi, tukaketi. Baada ya sisi kuketi, kiti cha mwisho upande wa mawakili kikatoa mlio, kama mtu mzito anakaa polepole. Hakikuwa na mtu. Sakafu chini yake ilikuwa na matone ya maji, na nje jua linawaka.

Bosi kaniuliza kwa sauti ya chini natazama nini. Nimesema nawaza hoja. Karidhika.

Tukitoka, simu ikatetemeka. "Lete swali kwanza," kaandika. "Bei itafuata."

Nimempigia mjane. Safari hii alisema moja kwa moja, kama mtu anayeogopa kwamba akipumua atabadili mawazo. Siku ile alipoitwa hospitali alikimbia, lakini alipofika mume wake alikuwa ameshafumba macho. Aliongea naye hivyohivyo. Anataka kujua kama alimsikia.

"Akisema hapana," kasema, "uniambie hivyohivyo. Usinitengenezee."

Nimeandika swali lake neno kwa neno. Hilo peke yake sikulitia mkono wangu.

Jumatano, 12 Machi

Nilikuwa ofisini. Kamusi anaongea na simu, feni inazunguka, mhudumu anafuta madirisha. Jibu likaja kipande kwa kipande, kama mtu anayepumzika njiani.

"Nilisikia viatu vyake kwenye ngazi."

Kisha: "Kimoja kilikuwa kinalia. Nilimwambia akipeleke kwa fundi."

Kisha: "Mwambie hakuchelewa."

Nikatoka nje kumpigia. Nimemsomea kama yalivyo. Akasema viatu vile anavyo bado, hakuvipeleka kwa fundi. Akanishukuru, akaniita mwanangu, akakata. Nimesimama pale kwenye ngazi za ofisi kwa muda. Dada kaniona jioni, kauliza macho yamekuwaje. Nimemwambia moshi wa jikoni. Hatutumii kuni.

Niliporudi mezani baada ya simu ile ya mjane, mfalme mweusi alikuwa amelazwa chali. Amekubali kushindwa, naye alikuwa karibu kunifunga. Kaandika: "Nimelipa. Umeshinda, wakili msomi, ingawa si kwa sataranji. Sasa nisikilize. Usije kumtafuta mwingine huku. Wengine si wapole, na wamekaa sana bila kutembelewa."

Halafu picha yake ikatoka kwenye klabu. Nimetafuta jina, halipo. Nimemuuliza Katibu, kasema mtu huyo hamkumbuki.

Ijumaa, 14 Machi

Raundi ya pili. Bosi kanipongeza mbele ya wote. Kasema ameufuatilia mchezo wangu siku hadi siku, ingawa jina la mpinzani limemtoka, na kwamba wakili anayeweza kupoteza ngome, kubanwa malkia, na bado akamvunja mpinzani moyo, huyo ana subira. Kamusi kasema "hongera" tu. Neno moja. Nimefurahi kuliko siku niliyoapishwa.

Lakini Kamusi naye yumo. Kamsoma mpinzani wake mpya, kaandaa mpaka michoro. Mimi Katibu ananipigia anauliza kama ninaweza kumsaidia tena na ratiba.

Nimeyawaza sana maneno ya Wakili Mwavuli. Nimeyawaza chai nzima. Na nimeyapima kisheria. Kasema "wengine si wapole". Hakusema wote. Mwanya huo hata mwanafunzi angeuona.

Nimemwona mmoja kwenye picha za wanachama. Hakimu mstaafu, yule waliyemwita Kifungo cha Juu kwa sababu hakuwahi kumpa mtu adhabu ya katikati. Alifariki kabla ya Mwavuli. Sataranji hajui kabisa, nakumbuka aliwahi kumpeleka farasi moja kwa moja kama ngome na hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Huyu nitamshinda kihalali. Nimempanga na mimi.

Kabla sijasogeza hata askari, yeye kaniandikia. Mtu mzima, ana adabu, kaanza na salamu. Kauliza siku hizi ninakaa mtaa gani.

Nimemjibu vizuri, nimemtajia na namba ya nyumba ya dada, asije akapotea.